Tafsiri Si Ramli

Methali isemayo "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua" imetuharibia masikio. Sisemi hivyo kwa kupenda ubishi. Methali hiyo imemfanya kila aliyesikia wimbo wenye maneno mazito ajione kawekwa kwenye mtihani wa akili mbele ya umma, na aamini kwamba heshima yake itaokoka tu akiitangaza maana kabla mwingine hajamtangulia. Hakuna anayekubali kuwa yule mjinga wa methali. Kwa hiyo wote tunagangua. Tunagangua vijiweni, kwenye vikao vya kamati, kwenye kumbi za mihadhara, na siku hizi kwenye simu usiku kucha. Maana tukishaitoa haturudi nyuma kuiuliza kama ilistahili kutoka.

Ningekuwa nazungumzia burudani tu, nisingechukua muda wa msomaji. Lakini haraka hii ina wahanga, na baadhi yao hawajawahi kuimba hata ubeti mmoja.

Wimbo ulionisukuma kuandika unatoka upande wa Igunga, katika mbuga zinazoshuka kuelekea Wembere. Umeimbwa kwa Kisukuma na manju ambaye sitamtaja, kwa sababu ambayo itaeleweka muda si mrefu. Nililetewa na mwanafunzi wangu mmoja mzaliwa wa huko, akitaka nimwambie "maana yake halisi". Wimbo hauna kisa wala mhusika mkuu. Manju anaimba juu ya kisima kinachokunywa watu wake. Juu ya fisi anayehesabu nyota na kukosea kila anapofika saba. Juu ya ajuza aliyekalia ufunguo wa mvua naye hajui kama amekalia kitu. Kiitikio ni jina la mto, linalorudiwa na kurudiwa mpaka linaacha kuwa jina na kubaki mlio. Ngoma zinaingia pale maneno yanapoanza kueleweka, na kuyafunika. Niliusikiliza mara nyingi kuliko kazi yangu inavyoniruhusu kukiri.

Wimbo wa namna hii ungetoka Uingereza mwaka 1972, ungewekwa kwenye fungu la roki ya majaribio na kuandikiwa vitabu. Mwaka huo kundi la Yes lilitoa "Close to the Edge", wimbo wa takriban dakika 18 ambao mwimbaji wake, Jon Anderson, alieleza kuwa alichochewa na *Siddhartha*, riwaya ya Hermann Hesse ya mwaka 1922 kuhusu mtu anayefundishwa na mto. Maneno yake hayashikiki. Wapo wanaoyasoma kama safari ya roho, wapo wanaodai Anderson aliyachagua kwa mlio wake kuliko kwa maana, na wapo wanaoshikilia yote mawili kwa pamoja. Ubishi huo una zaidi ya miaka 50 na haujaisha. Hakuna aliyehama kijiji kwa sababu yake.

Wimbo wa Igunga ulipata tafsiri tatu kwa muda wa wiki chache. Vijana wa mjini walisema ni wa kifrimasoni, ushahidi wao ukiwa ile namba saba. Wanaharakati wawili watatu wakausambaza wakieleza kwamba kisima kinachokunywa watu wake ni serikali na tozo zake. Kijijini kwenyewe, ambako mvua zilikuwa zimechelewa, watu hawakuhitaji sitiari ya mbali kiasi hicho. Ajuza aliyekalia ufunguo wa mvua alikuwa mjane fulani, anaishi jirani na kisima, na macho yake ni mekundu. Mwanafunzi wangu ananiambia mama huyo alifunga vyombo vyake akahamia kwa bintiye Nzega. Aliondoka akiwa hai, na kwa historia ya ukanda ule hilo si jambo dogo.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani natia chumvi. Asome magazeti ya miongo minne iliyopita. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Tabora na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Daktari yeyote wa macho, na mpishi yeyote wa kijijini, anajua macho hayo yanatoka wapi: ni miaka 50 ya kupikia samadi kavu na mabua ya pamba ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umeandika alama usoni mwa mama. Mtu mwingine ameisoma alama hiyo, akaipa maana moja, na akaikatia hukumu. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, iliyoachwa na Mwingereza na kurithiwa nasi. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli. Sheria inaweza kumkamata mpiga ramli. Namna ya kusoma iliyompa mpiga ramli wateja haikamatiki kwa pingu.

Tuitazame namna hiyo ya kusoma kwa utulivu, kwa maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Ile iitwayo ramli chonganishi huanzia kwa mteja. Mteja hufika na hasira yake tayari: mtoto kafa, ng'ombe kaanguka, shamba limekauka, na moyoni tayari kuna jina. Kuku hupasuliwa, utumbo wake hutazamwa, na katika utumbo huo hupatikana lile jina ambalo mteja alikuja nalo. Alama haikuulizwa swali lolote. Imeshurutishwa kutia sahihi. Dalili yoyote ingetosha. Kama utumbo ni mweupe, mchawi ni mjanja. Kama ni mwekundu, mchawi ni mkali. Hakuna utumbo wa kuku duniani ambao ungeweza kumtetea yule mjane.

Sasa rudi kwenye zile tafsiri tatu. Kijana wa mjini aliusikiliza wimbo akiwa tayari anajua kwamba wenye mafanikio wote wamejiunga na chama cha siri. Mwanaharakati aliusikiliza akiwa tayari anajua kwamba serikali inanyonya. (Huenda inanyonya, hilo ni suala jingine, na lina takwimu zake.) Mwanakijiji aliusikiliza akiwa tayari anamjua mbaya wake. Wote watatu walifanya kazi ya mpiga ramli, tofauti ni kwamba wa kwanza alihatarisha jina la mwimbaji tu, wa pili alihatarisha uhuru wake, na wa tatu alihatarisha shingo ya mtu ambaye hata hakuimba.

Dola nayo ina ramli yake, na wasomaji wangu walio watumishi wa umma watanivumilia. Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo". Polisi walimkamata Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe, wimbo upigwe, na ikibidi aongeze na mistari ya wakwepa kodi. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata herufi. Asubuhi yalikuwa uchochezi, jioni yakawa uzalendo. Wengi walishangilia uamuzi ule wa pili, na mimi nilifurahi kijana wa watu kurudi nyumbani kwake. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma, tukio lile lilikuwa la kutisha kutoka pande zote mbili, kwa sababu lilionyesha kwamba maana ya wimbo katika nchi hii inaweza kutolewa kwa agizo na kubatilishwa kwa agizo, na kwamba katikati ya maagizo hayo mawili hakuna aliyeona haja ya kuusikiliza.

Mwaka uliofuata, Novemba 2018, ulifungiwa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kwa ajili ya mchezo uliochezewa jina Nyegezi. Hapa nataka niwe wa haki. Masikio ya Baraza yalisikia sawasawa. Mchezo ulikuwepo, na kila aliyecheka alijua anacheka nini. Lakini Nyegezi ni mahali. Abiria anayetoka Igunga kwa basi kwenda Mwanza hushuka stendi ya Nyegezi, na huko nyuma alishalitamka jina hilo kwa kondakta mbele ya wakwe zake bila soni. Neno linaposimama juu ya miguu miwili namna ile, msomaji hawezi kuukata mguu mmoja kisha akadai kuwa amelinyoosha. Kwamba wimbo ule haukuwa na uzito wowote wa kifikra ni kweli, nami sina shauku ya kuutetea kama kazi ya sanaa. Ninachokataa ni utaratibu ambao ndani yake watu wachache wanakaa, wanachagua maana moja, na maana hiyo inakuwa kosa la mtunzi.

Jirani zetu wa Kongo walilijua hili mapema zaidi. Juni 1966 Évariste Kimba na wenzake watatu walinyongwa hadharani Kinshasa kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Baadaye Franco na T.P. OK Jazz wakatoa "Luvumbu Ndoki", wimbo wa Kikongo wenye asili ya ngano za kale, unaomhusu mkubwa mchawi anayewala watu wake. Mobutu hakutajwa. Haikuhitajika. Wimbo ulipigwa marufuku, na Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kusubiri upepo utulie. Je, Franco alimlenga Mobutu? Swali hilo limeulizwa tangu wakati ule, nami naliona halina tija. Ngano ilikuwepo kabla ya Mobutu kuzaliwa. Aliyeipiga marufuku ndiye aliyeandika chini yake kwamba "huyu ni mimi".

Na hapa nina neno na wanaharakati, ambao wengi wao ni marafiki zangu na baadhi nimewafundisha. Mnapochukua wimbo wa manju wa kijijini, mkauwekea maandishi ya Kiswahili, na kutangaza kwamba kisima ni fulani na fisi ni fulani, mnadhani mnampa sauti. Mmemwandikia hati ya mashtaka. Polisi wa wilaya hajui Kisukuma cha ndani cha ngoma. Alikuwa hana kesi mpaka mlipomfasiria. Fumbo lilikuwa nyumba ya yule manju, aliyoijenga kwa akili zake ili aweze kusema na bado alale kwake. Nyinyi mmebomoa ukuta kwa nia njema, mkapiga picha, mkarudi mjini. Anayetaka kuikosoa serikali na aikosoe kwa jina lake mwenyewe, kama ninavyojitahidi kufanya hapa, na amwachie manju fisi wake.

Lakini mkosaji mkubwa kuliko wote ni shule. Nasema hivi nikiwa ndani yake. Tumewalea vijana kwa swali la "dhamira". Tunawapa shairi, kisha tunawauliza mwandishi alikusudia nini, kisha tunasahihisha kwa mwongozo ambao maana imeandikwa tayari kwa alama 2 kila hoja. Mtoto anayejifunza kusoma kwa njia hiyo amejifunza ramli: jina lipo tayari, kazi yake ni kutafuta utumbo. Akiingia chuo kikuu na kukutana na *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, au *Mzingile* iliyofuata mwaka 1991, anakwama kurasa chache tu za mwanzo. Kila mwaka nasikia malalamiko yaleyale: mhusika hana jina, muda hauendi mbele, paa anayesakwa hapatikani, hivyo kitabu "hakina ujumbe". Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alikulia katika ardhi ambayo ngano zake na nyimbo zake hazikuwahi kudaiwa ujumbe kabla ya kusikilizwa. Tangu *Kichomi* ya mwaka 1974 alishutumiwa kwa kuvunja vina na mizani, na ubishi ule wa umbo ulikula miaka yetu mingi. Shutuma ya pili, ya kwamba haeleweki, imedumu zaidi ya ile ya kwanza, na mpaka leo haijajibiwa ipasavyo kwa sababu tunaogopa kumwambia mwanafunzi kwamba kutoelewa mara moja ni hali ya kawaida ya mtu mzima anayesoma.

Najua swali linalokuja, kwa sababu wanafunzi wangu huliuliza kabla sijamaliza sentensi. Je, basi kila maana ni sawa? Kila mtu aufasiri wimbo anavyotaka? Hapana. Huo ungekuwa uvivu uleule uliovaa kanzu nyingine. Zipo tafsiri mbovu na zipo tafsiri njema, na kuna namna ya kuzitenganisha.

Jambo la kwanza ni lugha, na nashangaa kwamba inabidi nilitaje. Kisukuma na Kinyamwezi ni lugha za toni. Neno lilelile likipanda au kushuka sauti linakuwa neno jingine, na muziki nao una kupanda na kushuka kwake. Manju hodari huimba neno mahali ambapo muziki unaiacha toni ikining'inia, ili msikilizaji asikie maneno mawili kwa mpigo. Tafsiri ya Kiswahili iliyowekwa kwenye video inachagua moja na kulizika la pili. Katika ule wimbo wa Igunga, mzee mmoja wa Kisukuma niliyemsikilizisha alitabasamu pale mimi niliposikia kisima, na alipotabasamu nikajua kwamba yeye amesikia na kitu kingine.

Kisha kuna suala la wimbo uliimbwa wapi na mbele ya nani. Usukuma na sehemu kubwa ya Unyamwezi wa kaskazini zina mashindano ya ngoma kati ya Bagalu na Bagika, makundi mawili ambayo asili yake inahusishwa na waganga wawili wapinzani wa karne ya 19. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na vumbi la kiangazi likiwa juu, makundi hukutana uwanjani siku moja na kupiga ngoma kwa wakati mmoja, kila moja likivuta watazamaji upande wake. Anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Fikiria maana ya hilo kwa mtunzi. Maneno yake yanapaswa kuwashika watu miguu wasiende upande wa pili. Mstari unaoeleweka mara moja humwachia msikilizaji nafasi ya kuondoka. Mstari usioeleweka humfanya abaki asubiri ubeti unaofuata. Ugumu wa maneno ya manju una kazi ya uwanjani kabla haujawa na kazi ya falsafa. Anayeung'oa wimbo kutoka uwanjani hapo na kuutafutia "ujumbe" kwenye simu ameacha nyuma nusu ya sababu zake za kuwepo. Na yule fisi anayekosea hesabu, kwa mtu aliyezoea ngoma hizo, kwanza kabisa ana kila dalili ya kuwa manju wa upande wa pili! Sidai kwamba ndivyo ilivyo. Nadai kwamba anayeruka uwezekano huo na kwenda moja kwa moja kwa mjane wa kisimani lazima atuambie ameuruka kwa ushahidi gani.

Halafu kuna jibu. Katika utamaduni wetu wa ushairi, fumbo halikujibiwa kwa hukumu. Lilijibiwa kwa fumbo. Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ilibishana kwa tungo: shairi lilitumwa, shairi likarudi, na wenye mji wakapima nani kamfunga mwenzake. Uwanja wa Bagalu na Bagika una kanuni iyo hiyo, kwamba aliyetukanwa kwa wimbo husubiri msimu mwingine na kutukana vizuri zaidi. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba jibu haliufungi wimbo wa kwanza. Linauongezea maana, linaukosoa, linaufanyia dhihaka, na wimbo unabaki wazi kwa atakayekuja baada yao. Na mtu hapotezi kitu isipokuwa fahari ya msimu mmoja.

Watu wa Tabora tunapaswa kuwa walimu katika jambo hili, kwa maana sisi ni wajukuu wa wapagazi, na upagazi ulijengwa juu ya nyimbo. Misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda pwani, ikikatiza nyika kavu ya Mgunda Mkali na kupita Ugogo, ilitembea kwa miezi na meno ya tembo mabegani. Na jina lenyewe la mwisho wa safari yao ni fumbo. Bagamoyo ni kubwaga moyo. Lakini kubwaga moyo kwa namna gani? Maelezo yanayouzwa kwa watalii ni ya mtumwa anayeiacha roho yake ufukweni kabla ya kupakiwa jahazini. Wanahistoria wameonyesha kwamba wapagazi, waliokuwa wengi zaidi barabarani na waliokwenda kwa ujira, waliuimba mji huo kama mahali pa kutua mzigo, kula ubwabwa na kupumzika. Ipi ndiyo kweli? Neno linabeba zote, kwa sababu barabara ileile ilibeba wote, na anayeifuta moja ili nyingine ipendeze kwenye bango anafuta watu. Wapagazi wamefutwa vya kutosha.

Kwa njia hiyohiyo ya misafara ilifika Tabora tarika ya Qadiriyya, mwishoni mwa karne ya 19. Ushairi wa masufi umejaa mvinyo, ulevi na mpenzi asiyeonekana, na kila murid anajua kwamba hapo hazungumziwi mlevi wa kilabuni. Lakini pia hapewi kamusi ya kwamba mvinyo ni kitu fulani na mpenzi ni kitu fulani, basi. Anapewa maneno ayarudie, usiku baada ya usiku, pamoja na wenzake, kwa pumzi na kwa kutikisika kwa mwili, na maana inamjia kwa kadiri ya alipofika. Mtu anaweza asiwe Mwislamu, wala asiwe mtu wa dini yoyote, na bado akaona kwamba hiyo ni nidhamu ya kusoma yenye ukali kuliko mwongozo wetu wa alama 2 kwa kila hoja. Inadai muda. Inadai kurudia. Inamkataza mtu kusema kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo yanayowezekana, na mengine yako ndani ya mamlaka ya watu wanaosoma ukurasa huu. Mtumishi anayekaa kwenye kamati ya kuhakiki kazi ya sanaa akatae kutia sahihi juu ya wimbo wa lugha asiyoijua, na adai aletewe watu wawili wanaoijua, wasiokubaliana. Maofisa utamaduni wa wilaya, badala ya kuwaita manju siku za mwenge na ziara za viongozi tu, warekodi nyimbo zao pamoja na maelezo ya uwanja, mpinzani na msimu. Makumbusho ya Bujora kule Kisesa imeonyesha kwa miaka mingi kwamba kazi hiyo hufanyika. Walimu wa sekondari waruhusu, hata kwa swali moja tu la muhula, jibu lisemalo "sijui bado, na hiki ndicho kinachonizuia kujua", na walipe alama. Polisi wa Igunga wakisikia kwamba wimbo "unamsema" bibi fulani, wamtembelee bibi kabla ya kumtafuta mwimbaji.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, zoezi lenu la muhula huu ni hili. Kila mmoja alete wimbo mmoja wa manju aliye hai, wa Kisukuma, Kinyamwezi au Kinyiramba, ambao maneno yake hayaelewiki kwa msikilizo wa kwanza. Andika tafsiri tatu zinazopingana. Chini ya kila moja eleza ni kitu gani, kikipatikana, kitakulazimisha uiache. Tafsiri isiyoweza kuachwa kwa ushahidi wowote nitaipa sifuri hata kama imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Usitaje jina la kijiji wala la mtu yeyote ambaye majirani wanadhani anasemwa. Wasiojua lugha hizo watafute anayejua. Basi la Igunga huondoka asubuhi. Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa ya wiki ya kumi, saa nane mchana.